Vidole Vinapokufa Ganzi: Mkono, Kazi na Handaki la Kifundo

Nimealikwa nizungumzie ganzi ya mikono, jambo ninalokutana nalo kila siku katika chumba cha fiziotherapia hapa Morogoro. Kabla ya maneno mengi, nyoosheni mkono wa kushoto, kiganja kitazame juu.

Kwa kidole cha mkono wa kulia, bonyezeni pale kiganja kinapoanzia, katikati, mbele kidogo ya mikunjo ya kifundo. Ni pagumu. Chini ya ngozi hapo umekaa utepe mpana na mnene, umeshikizwa kwenye mifupa upande huu na huu. Chini ya utepe kuna mifupa midogo 8 iliyojipanga nusu duara. Nafasi iliyobaki kati ya utepe na mifupa ndiyo vitabu vya tiba huiita handaki la karpali. Sasa msiondoe kidole, chezesheni vidole vya mkono wa kushoto, kunja na kunjua. Kinachojivuta huko chini ni kano, zile kamba zinazotoka kwenye misuli ya kigasha kwenda kuvuta vidole. Ziko 9: mbilimbili kwa vidole vinne, na moja ya gumba. Katikati yao imepenya neva moja, neva ya kati.

Fikirieni daladala ya asubuhi ya kutoka Kihonda. Abiria kumi wamebanwa kwenye nafasi ya watu wachache, tisa wana miili migumu, mmoja ni mtoto. Gari likipinda kona, anayeumia si wale tisa. Mkononi hali ni hiyohiyo. Mifupa haitanuki, utepe hautanuki, na kano zikivimba kidogo tu kwa kazi nyingi, au maji ya mwili yakiongezeka, anayebanwa ni neva, kwa sababu ndiyo laini kuliko vyote vilivyomo.

Na kupinda kona si mfano tu. Mwaka 1981 daktari wa Marekani, Richard Gelberman, na wenzake waliingiza mrija mwembamba ndani ya handaki hili wakapima mgandamizo kwa milimita za zebaki, kipimo kilekile tunachopimia presha ya damu. Kwa watu wasio na tatizo, kifundo kikiwa kimenyooka, mgandamizo ulikuwa 2.5 tu. Walipokunja kifundo kuelekea kiganjani, ulipanda hadi 31; walipokikunja kuelekea juu, 30. Kwa wagonjwa wa handaki hili, mkono ulionyooka na kutulia ulikuwa tayari na 32, na walipoukunja ukafika 94 upande mmoja na 110 upande mwingine. Sasa, mgandamizo ukikaribia 30, damu inayolisha neva huanza kupita kwa shida. Maana yake ni kwamba hata mzima kabisa akikaa na kifundo kilichokunjwa anaikaribisha neva yake mahali pabaya. Mgonjwa yupo pale saa zote, hata akiwa amepumzika.

Naomba namba hizo mzikumbuke kuliko jina la ugonjwa, maana karibu kila nitakachowashauri jioni hii kinatoka humo.

Mgonjwa wetu hujulikana kwa masimulizi yake kabla hujamgusa. Anaamka saa nane za usiku, mkono unawaka, vidole vimejaa sindano. Anaukung'uta mpaka utulie, analala, saa kumi anaamka tena. Usiku ndio mbaya kwa sababu tunalala tumekunja vifundo chini ya shavu au chini ya mto, na kwa sababu misuli iliyotulia haisukumi maji ya mwili yaondoke mkononi. Asubuhi anasema damu ilikuwa haitembei, au alilalia mkono. Baada ya miezi, mambo yanahamia mchana: kikombe kinaponyoka, vifungo vya shati vinamshinda, anahesabu noti hahisi kama ameshika moja au mbili, uzi haupenyi kwenye tundu la sindano ingawa macho yake ni mazima. Mwishoni ile nyama nene iliyo chini ya gumba inaanza kupungua. Wekeni mikono miwili pamoja muilinganishe. Ikiwa upande mmoja umebonyea, neva imebanwa muda mrefu, na hapo hatuzungumzii kinga tena.

Angalieni pia ni vidole vipi. Neva ya kati inahudumia gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kina neva nyingine, ambayo haipiti handakini. Hili ni muhimu sana hapa kwetu. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho, tatizo linaweza kuwa kwenye kiwiko. Na ikiambatana na baka la ngozi lililopauka na lisilohisi, mtu apimwe ukoma, maana ukoma bado upo na unatibika. Ganzi iliyoanzia miguuni inaelekea zaidi kwenye kisukari, au kwenye dawa, kama ile isoniazidi ya kifua kikuu. Na ganzi iliyokuja ghafla pamoja na mdomo kwenda upande na ulimi kuwa mzito ni kiharusi: huyo apelekwe hospitali dakika hiyohiyo. Nasema haya kwa sababu huwapokea watu wa aina mbili, walioogopa kiharusi bure kwa mwaka mzima, na walioambiwa na majirani kuwa wametupiwa kitu.

Kuna miili ambayo handaki lake hujaa kwa urahisi zaidi. Wanawake hupata tatizo hili karibu mara tatu ya wanaume. Wajawazito hulipata katika miezi ya mwisho, na kwa wengi huondoka baada ya kujifungua. Kisukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, baridi yabisi, unene, na mfupa wa kifundo uliovunjika ukaunga vibaya, vyote vinachangia. Kwa hiyo mtu akija na ganzi ya mikono yote miwili, sukari yake ipimwe kwanza, hata kama kazi yake tunaijua.

Lakini nimekuja kuzungumzia kazi, na kazi ina historia yake katika jambo hili.

Mwaka 1700 daktari wa Kiitaliano aliyeitwa Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Aliwatembelea mafundi mahali wanapofanyia kazi, hata wasafisha mashimo ya vyoo, na akawataka madaktari waongeze swali moja kwa yale waliyozoea kumuuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Kuhusu makarani alieleza kwamba wanadhurika kwa kukaa kutwa, kwa kurudiarudia mwendo uleule wa mkono, na kwa hofu ya kukosea. Hakukuwa na umeme, wala kibodi, na maelezo hayo yanamtosha karani wa leo bila kubadilisha kitu.

Karne moja na nusu baadaye, 1854, Mwingereza James Paget alieleza habari za neva ya kati iliyobanwa baada ya kifundo kuvunjika. Aliyeufanya ugonjwa ujulikane kwa kila daktari ni George Phalen, mpasuaji wa Cleveland huko Marekani, kuanzia miaka ya 1950. Kipimo chake tunakitumia mpaka leo: unakunja vifundo vyote viwili, migongo ya mikono ikigusana, unakaa hivyo dakika moja, vidole vikianza kuwasha na kufa ganzi, kuna jambo. Nawaona wengine wameshaanza. Sawa, jaribuni, ila msikae zaidi ya dakika.

Phalen hakuamini kwamba kazi ndiyo chanzo kikuu. Aliona wagonjwa wake wengi ni wanawake wa makamo, mama wa nyumbani, si vibarua wa viwandani. Ninamheshimu sana, lakini hapa hoja yake ina shimo. Mama aliyefua kwa mikono, akakamua shuka na mablanketi, akasugua sufuria, akakanda unga kila siku ya Mungu kwa miaka 20, kwenye fomu ya hospitali ameandikwa hana kazi. Fomu zetu hazijapona ugonjwa huo. Nikiletewa mgonjwa, kwenye nafasi ya kazi huandikwa "mkulima" au "mama wa nyumbani", basi. Mkulima wa nini? Anayekamua ng'ombe, anayechuma chai, au anayelima kwa jembe la mkono? Kwa neva ya kati, hizo ni kazi tatu tofauti kabisa.

Ushahidi wa kazi ulikuja kutoka viwandani. Mwaka 1987 Barbara Silverstein na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi 652 katika viwanda saba vya Marekani. Hawakuuliza cheo cha mtu. Walipima mkono unatumia nguvu kiasi gani na unarudia mwendo uleule mara ngapi. Kwa waliotumia nguvu kidogo na kurudia kidogo, waliokuwa na ugonjwa ni asilimia 0.6. Kwa waliotumia nguvu nyingi na kurudia sana, asilimia 5.6. Vitu hivyo viwili vinapokutana ndipo hatari inaporuka. Miaka kumi baadaye taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani ilipitia tafiti zilizokuwepo ikafika palepale, ikaongeza mtetemo wa mashine. Na Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya kazini ya 2010, limeutaja ugonjwa huu waziwazi kuwa unatokana na kazi ya muda mrefu yenye nguvu na kurudiarudia, mtetemo, kukunja kifundo kupita kiasi, au mchanganyiko wa hayo.

Mmesikia kompyuta hapo? Hata mimi sijaisikia. Najua wengi humu mmekuja mkiamini kwamba huu ni ugonjwa wa watu wa kibodi. Mwaka 2001 madaktari wa Mayo Clinic walichunguza watumishi wao waliotumia kompyuta kwa wingi. Waliokuwa na dalili zinazolingana na ugonjwa huu ni asilimia 10.5, na waliothibitika kwa kipimo cha umeme wa neva ni 3.5, kiwango kisichotofautiana sana na cha watu wa kawaida mitaani. Uchunguzi mkubwa wa Denmark uliochapishwa 2003 nao haukuiona kompyuta kuwa hatari kubwa kwa neva hii. Kilichotiliwa shaka kidogo ni kipanya, kwa wanaokishika zaidi ya saa 20 kwa wiki. Sisemi watu wa ofisi hawaumwi. Wanaumwa shingo, mabega, na kano za kigasha, na wengine wana ugonjwa wetu kwa sababu nyingine. Ninachosema ni kwamba tumeweka macho kwenye meza ya karani, huku mikono iliyo hatarini zaidi iko barazani, zizini na kwenye mashamba ya maua.

Kwa hiyo tuingie barazani.

Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa Januari, nendeni mkamwangalie fundi cherehani anayekata sare. Sitaki mwangalie cherehani. Mwangalieni akiwa na mkasi. Ametandika kitambaa cha kaki kwenye meza, amepanga tabaka sita au nane ili akate kaptula nyingi kwa mara moja, maana oda imembana. Meza ile ilitengenezwa kwa kulia chakula, iko chini ya kiuno chake. Ameinama, bega limeinuka, na kwa kuwa mkasi lazima ulale sambamba na meza, kifundo kimekunjwa kuelekea kiganjani na kimepinda upande. Tundu la gumba la mkasi ni dogo, chuma kinakandamiza gumba ubavuni. Mkasi umekuwa butu tangu mwezi uliopita. Anabana, kitambaa kinateleza, anabana tena kwa nguvu zaidi. Kila kubana, kano tisa zinajivuta ndani ya handaki lililokunjwa. Nguvu, kurudia, na mkunjo, vyote vitatu kwenye mkono mmoja kutwa nzima. Halafu jioni anashika pasi ya mkaa.

Egonomia ndiyo elimu ya kuifanya kazi imfuate mtu badala ya mtu kujikunja aifuate kazi. Watu wakiisikia hudhani inahusu viti vya bei mbaya kutoka nje. Kwa fundi huyu inaanza na mnoa visu anayepita mtaani na jiwe lake juu ya baiskeli. Mkasi wenye makali hupunguza nguvu ya kubana kuliko zoezi lolote nitakalomfundisha. Nimeshawaambia mafundi wengi: ukiniuliza ufanye kitu kimoja tu, noa mkasi, na usiutumie huohuo kukatia karatasi na kamba. Kisha punguza tabaka. Fundi atasema tabaka nane zinaokoa muda. Mwambieni alinganishe na tabaka nne na mkasi mkali, aone mwenyewe kama anachelewa kweli, na aone mistari yake ilivyonyooka.

Kisha meza. Kwa kazi nyepesi ya mikono, uso wa meza uwe sentimita 10 hivi chini ya kiwiko unaposimama wima. Kazi ya kusukuma kwa nguvu, kama kupiga pasi au kukanda, ishuke zaidi ili uzito wa mwili usaidie. Kazi ya kutazama kwa karibu, kama kutarizi, ipande juu kidogo ya kiwiko. Matofali manne chini ya miguu ya meza hayagharimu kitu, na meza ikipanda, kifundo kinanyooka chenyewe bila mtu kukikumbusha. Hilo ndilo ninalolipenda katika elimu hii: ukipanga vizuri vitu, mkono hauhitaji mahubiri. Nimechoka na mabango yanayomwambia mfanyakazi "kaa vizuri" wakati meza yake haimruhusu.

Tundu za mkasi zizungushiwe kitambaa laini. Kuna mikasi ya kukatia ambayo mpini wake umepinda, ili makali yalale juu ya meza huku mkono umenyooka. Anayeweza kuipata aipate, hatajuta. Na kazi zichanganywe. Hili ni gumu kwa fundi mwenye tajiri, lakini mwenye karakana anaweza kuamua kwamba hakuna mtu mmoja anayekata kutwa nzima wakati mwingine anatia vifungo kutwa nzima. Wabadilishane kila baada ya saa moja au mbili. Mkono unaopumzika mara nyingi kwa dakika chache hufaidika kuliko unaofanya kazi mfululizo hadi saa kumi ukapumzishwa siku ya Jumapili.

Sheria hizohizo zichukueni mwende nazo kwenye kazi nyingine. Mkata maua wa Naivasha au Arusha, mkasi wake wa mkono ukinolewa, kupakwa mafuta, na kuwa na spiringi nzima inayoufungua wenyewe, vidole hubana tu, havihangaiki kufungua. Mkamuaji wa maziwa abane chuchu kwa kiganja kizima, vidole vikifuatana kutoka juu kwenda chini. Kile kitendo cha kuvuta kwa gumba na kidole kimoja huongeza mzigo kwenye kano mara kadhaa, na ng'ombe mwenyewe hakipendi. Kumbukeni kanuni hiyo ya kubana kwa ncha za vidole, maana inawahusu wasusi wanaosuka rasta nyembamba, wapaka hina, na akina mama wa Zanzibar wanaoshona kofia kwa sindano. Ukiwa na kazi ya ncha za vidole, nenepesha kishikio: funga kitambaa au raba kwenye kitana, kwenye sindano ya ushonaji tumia kishikizi. Na msusi amkalishe mteja kwenye kiti kinacholeta kichwa usawa wa kifua chake, asisuke mikono ikiwa imeinuliwa au kifundo kimejikunja kutafuta nywele za kisogoni.

Wanaokata mbao kwa msumeno wa mnyororo kule Sao Hill, wanaoshika mashine za kuvunjia zege barabarani, na hata vijana wa bodaboda wanaoshinda kwenye barabara za vumbi, wao wana mtetemo. Hapo dawa ni matengenezo ya mashine, raba za kishikio zisizochakaa, kutobana kishikio kuliko inavyohitajika, na kupokezana. Glovu nene peke yake si kinga. Mara nyingi humfanya mtu abane zaidi kwa sababu hahisi alichokishika.

Nyumbani, jinzi na blanketi zisikamuliwe kwa vifundo. Pitisha blanketi kwenye nguzo au bomba, shika ncha mbili pamoja, uzungushe kwa mikono mizima na mwili, au liache lichuruzike. Mwiko wa ugali uwe na mpini mnene kidogo na mrefu kupita upana wa kiganja, usiwe na ncha inayochoma katikati ya kiganja; pale ndipo mlipobonyeza mwanzoni.

Watumishi wa ofisi, kwenu nitakuwa mfupi. Kunjeni vile vimiguu vya nyuma vya kibodi, vinainua mkono bila sababu. Kipanya kikae karibu na kibodi, si mbali upande. Viwiko vining'inie kando ya mwili, na vifundo visiegemee ukingo wa meza wakati wa kuchapa. Kompyuta mpakato ikitumika kutwa, iinuliwe na vitabu, iwekewe kibodi ya pembeni. Meza ikiwa ndefu kwenu, inueni kiti na mweke kitu chini ya miguu. Simu nayo iwekeni chini mara kwa mara, ingawa simu huumiza zaidi kano za gumba, na hayo ni maradhi mengine.

Sasa vitu vinavyouzwa. Bendeji za kuvuta zinazotembezwa na wamachinga, zile za kubana kifundo, hazinyooshi mkono. Zinaubana tu, na neva iliyobanwa haihitaji kubanwa zaidi. Sindano na vidonge vya vitamini B6 havijaonyesha kutibu ugonjwa huu, na dozi kubwa ya B6 kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva. Anayepewa pamoja na dawa za kifua kikuu aendelee, huyo ana sababu nyingine. Kukanda kwa maji ya moto kuna hatari ambayo watu hawaifikirii: vidole vyenye ganzi havihisi moto, nami nimewaona waliojibabua.

Kinachosaidia mwanzoni ni kibanzi cha kuvaliwa usiku, kinachoshika kifundo kikiwa kimenyooka sawasawa, hakijakunjwa juu wala chini. Tunavitengeneza hospitalini, na vingine huuzwa madukani. Kagueni bati la ndani, vingi vimepindwa juu, na hilo bati linaweza kunyooshwa. Vivaeni usiku kwa wiki kadhaa. Mchana kazini msivivae, kwa sababu mkono utapigana navyo. Kisipotosha, daktari anaweza kuchoma sindano ya steroidi karibu na handaki, ambayo huleta nafuu, mara nyingi ya muda. Na kwa aliyefika mbali kuna upasuaji: ule utepe mliobonyeza unakatwa, nafasi inaongezeka, kwa ganzi ya sehemu tu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Watu huuogopa kupita kiasi. Ganzi ya usiku huondoka upesi kwa wengi. Nguvu ya kubana hurudi polepole kwa wiki na miezi. Ila nyama ya gumba iliyokwisha kabisa huenda isirudi, na ndiyo sababu ninaharakisha watu. Na akirudi kwenye mkasi uleule butu na meza ileile ya chini, hatujamtibu, tumemchelewesha.

Neno kwa waajiri na kwa serikali. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na Kenya ina yake ya 2007. Hapa Tanzania tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mfanyakazi mwenye mwajiri anayechangia ana haki ya kudai pale kazi inapomuumiza. Lakini ugonjwa huu haulii kama ajali ya mashine. Hauna damu, hauna tarehe. Bila daktari kuandika kazi ya mtu kwa undani, yaani anashika nini, kwa muda gani, mara ngapi, dai halina mguu wa kusimamia. Fundi wa barazani na mkamuaji wa kijijini hawana mwajiri wa kuwachangia, na hapo naona sheria zetu zimewaacha walio wengi. Vyama vya mafundi na vikundi vya akina mama vinaweza kuanza na jambo dogo: siku moja kwa mwezi ya kunoa mikasi yote ya soko kwa gharama ya pamoja. Wenye mamlaka walio ukumbini wasisubiri ripoti kwa hilo.

Wauguzi na waganga mliopo, kesho kwenye fomu msiandike "mkulima" mkaishia hapo. Mwulizeni mtu anachokishika mkononi, na mwambieni awaonyeshe anavyokishika.

Na wewe ambaye kipimo cha Phalen kimekuwashia vidole hapa kwenye kiti, usishtuke, kipimo hicho peke yake hakitoshi. Lakini kama unaamka usiku kukung'uta mkono, kama ganzi haiondoki mchana, au kama nyama ya gumba lako imebonyea, usisubiri msimu wa sare uishe. Njoo hospitali wiki hii, na uje na mkasi wako.